Kanda za Sera Tingisha Kwenye Mashine ya Mananasi

Nyinyi mnaobeba studio nzima mfukoni pamoja na funguo za nyumba, wekeni simu chini kidogo. Au iwekeni hapo mezani inirekodi, mradi tu msiifunike kwa maganda ya karanga. Nataka kuwaambia jinsi albamu ya nyimbo za mwanzo za Sera Tingisha ilivyopatikana, na nikiangua kicheko katikati mniwie radhi. Nimejaribu kuisimulia kisawasawa kanisani, kwenye harusi ya mpwa wangu na kwenye kiti cha daktari wa meno, nikashindwa kote. Daktari wa meno aliniomba nirudi siku nyingine.

Mimi ni Njeri. Kwa watu wa rika langu pale Thika mimi ni Njeri wa Waya, kwa sababu katika ujana wangu hukunikuta bila waya begani. Kazi yangu ilikuwa kurekodi sauti, na niliifanya mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi na spika mkononi. Nimerekodi kwaya, mahubiri, maharusi wakila kiapo, matangazo ya sabuni ya kupigwa barabarani kutoka kwa gari, na mbuzi mmoja ambaye hakuwa amealikwa.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Harjit, Kalasinga mwenye duka la kutengeneza redio mjini Thika. Nyuma ya duka alikuwa na chumba alichokizungushia mablanketi ukutani, na humo ndimo alimorekodi waimbaji. Nilimjua siku niliyompelekea redio ya baba iliyokuwa ikinong'ona tu. Nilisimama kaunta nikimtazama akiifungua mgongo, nikauliza swali, nikauliza la pili. La tatu hakulijibu. Alinipa bisibisi. Nilirudi nyumbani na redio inayonguruma na kazi ya kufanya kuanzia kesho yake, na baba hakujua ashangilie lipi kwanza.

"Wewe sikia kwanza, gusa nyuma," Bwana Harjit aliniambia, na hiyo ndiyo elimu yote, mengine ni waya. Kabla ya kumrekodi mtu, kijue chumba. Ingia, funga mlango, piga kofi moja, usikie linakwenda wapi. Likirudi kwa haraka kama mpira, ongeza blanketi. Likimezwa lote, punguza blanketi, maana mtu atakayeimba humo atasikika kama amefungiwa kabatini. Nyinyi mnabandika trei za mayai ukutani mkadhani mmemaliza. Trei za mayai ni nzuri sana, kwa mayai.

Tena maikrofoni haipulizwi. Haigongwi kwa kidole. Haiulizwi "helo, helo" kama mtu aliyepotea msituni. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, ongea nayo kama unavyoongea na mtu unayemheshimu. Kuna mhubiri mmoja aliyepuliza kwa nguvu nikiwa nimevaa hedfoni, na mpaka leo nikipita karibu na kanisa lake huwa nashika masikio.

Msidhani kazi ilikuwa kukaa kimya na kukunja uso. Siku moja tulirekodi kwaya ya akina mama kutoka Gitothua. Walikuwa wamefika kwenye ubeti wa amani na utulivu mvua ya mawe ilipoanza kugonga mabati. Akina mama wakapandisha sauti, mvua ikapandisha yake. Mwalimu wa kwaya akawa anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Mimi nikakimbilia swichi nizime, Bwana Harjit akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Mungu iko piga ngoma. Sisi nani kukataa?"

Tuliiacha. Watu waliipenda kuliko nyimbo zote za ile kwaya, na mmoja aliwahi kuja kuuliza yule mpiga ngoma anatoka wapi.

Sasa Sera.

Sera Muthoni alikuwa msichana mrefu aliyeimba jukwaani kila Jumapili alasiri, katika holi la mji wa Thika. Wafanyakazi wa viwandani walijaa mpaka madirishani. Walimwita Sera Tingisha, na sababu ilionekana alipofika tu jukwaani. Hakuimba akiwa amesimama kama mshumaa. Akiimba juu ya karani anayejivuna, alivaa miwani isiyo na vioo akawatazama watu juu yake. Akiimba mama mkwe, alishika kiuno, sauti ikashuka, midomo ikachongoka, na wanaume wote holini wakatazama chini. Kulikuwa na wimbo wake mmoja, Usinikanyage Kidole, ambao aliuimba akirukaruka kwa mguu mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Bwana Harjit alimwalika aje arekodi. Alikuja amevaa bangili mkono mzima na viatu vya kisigino. Tukavua bangili, maana zililia kama sahani. Tukavua viatu. Nikamchorea duara la chaki sakafuni asitoke, akatoka kabla sijasimama. Na alipoanza kuimba, jamani! Msichana aliyekuwa akipasua holi aliimba kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Alikuwa anatazama blanketi.

"Njeri," akaniambia, karibu alie, "hii blanketi hainicheki."

Mama yake Bwana Harjit ndiye aliyetuokoa. Tulimwita Biji, kama alivyoitwa na mwanawe. Alikuwa mzee mdogo wa kimo, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, chumvi na vitunguu. Aliingia na chai, akaona msichana amesimama pekupeku ndani ya duara la chaki, akaketi juu ya gunia kuona kitakachotokea. Sera alipomwona akaimba kumwelekea yeye, akampigia jicho, akarusha bega. Biji akapiga paja lake, akacheka mpaka chai ikamwagika. Hakuelewa hata robo ya maneno, lakini alicheka mahali panapofaa kila mara.

Kuanzia siku hiyo tulirekodi na watu ndani. Nilikwenda sokoni nikaita akina mama waliokuwa wakipumzika na vikapu vyao, wakaja wakakaa sakafuni. Sera akaimba kama moto. Kwenye zile kanda utasikia mtu akipiga chafya, utasikia kikapu kikilia, na Biji yumo katika kila wimbo. Bwana Harjit alijua kwamba kampuni za santuri zitalalamika. Alisema watalalamika wakiwa wanacheza.

Hawakupata nafasi ya kulalamika wala ya kucheza. Familia ya Bwana Harjit ilihamia ng'ambo kumfuata mtoto wake mkubwa, duka likafungwa, na nyimbo za Sera hazikuwa zimekuwa santuri bado. Alinikabidhi mashine ya kurekodi na kanda zote ndani ya sanduku la bati. "Hizi si yangu, si yako," akasema. "Wewe weka tu, mpaka mwenyewe ataka." Biji alinikumbatia kiunoni, ndipo alipofika.

Sera aliolewa Ruiru, kule Gitothua, akawa fundi wa kushona sare za shule. Jukwaa aliliacha kwa sababu alianza kupata watoto wakifuatana kama mabehewa. Mimi nikaendelea na waya zangu. Tulikuwa tukionana mazishini na harusini, tukicheka, tukisema tutazisikiliza zile kanda siku moja. Siku moja ni siku inayopenda sana kuahirishwa.

Halafu simu ikaja. Hii ni juzijuzi, nimeshastaafu, napukuchua mahindi kwenye veranda.

"Niaje sho... pole, habari yako shosho?"

"Poa," nikasema, na upande wa pili ukashtuka kwamba shosho, yaani bibi, anajua lugha ya vijana.

Alikuwa msichana anayeitwa Mukami. Ana studio yake mjini Ruiru, anarekodi vijana wenzake, na anaishi kwenye ploti moja na Sera. Alikuwa akianika nguo akasikia mtu huko chini anaimba huku cherehani ikipiga. Akashuka ngazi na nguo zimemlowanisha kifua, akauliza ni redio gani hiyo. Sera akamwambia ni redio ya mwaka wa zamani, na kanda zake ziko Thika kwa Njeri wa Waya.

"Shosho, nataka tutoe albamu," Mukami akasema. "Zile za mwanzo zote, mahali pamoja. Hii ni noma, naapa. Lakini ngoja, kuna mtu anataka kuongea na wewe."

"Njeri!" Sera alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali. "Bado uko hai?"

"Niko."

"Na kanda?"

"Ziko."

"Basi njoo haraka kabla sikio la kushoto halijafunga duka. La kulia lilishafunga."

Ndivyo nilivyojua. Daktari alikuwa amemwambia usikivu wake unaondoka na hautarudi. Alinieleza kama anayesimulia kichekesho. Sauti zilikuwa zinamuaga moja moja, akasema, zile nyembamba kwanza. Ndege walishakwenda. Birika la chai lilishaacha kumpigia mluzi. "Mume wangu bado namsikia anavyokoroma. Hiyo Mungu amekataa kuichukua." Akacheka, nami nikacheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, au aliyodhani ni ya chini, "Njeri, sijawahi kujisikia. Hata mara moja. Watu wote wa Thika walinisikia isipokuwa mimi."

Mahindi niliyaacha pale pale, kuku wakafanya sherehe.

Siku iliyofuata nilipanda na sanduku mpaka studio ya Mukami, orofa ya juu kabisa, vijana wawili wa boda wakinibebea mashine. Kilikuwa chumba safi. Nikaingia, nikafunga mlango, nikapiga kofi. Kofi likatulia vizuri. Mukami akanitazama, kisha naye akapiga kofi lake, akaniambia, "Kona ile ndiyo ilikuwa inanisumbua, nikaweka godoro." Nikampenda hapo hapo. Ukutani hakuwa na hata trei moja ya mayai.

Mashine ya Bwana Harjit ilikataa kwanza. Mkanda wake wa mpira, ule unaozungusha magurudumu, ulikuwa umekauka ukakatika kama tambi. Nilikata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tukaweka kanda ya tangazo la sabuni kama majaribio, maana huwezi kujaribia kanda ya thamani. Mtangazaji akatoka akiongea kama mhubiri aliyelewa: "Nguooo... zakooo... ziiing'aee..." Mukami alianguka kutoka kwenye kiti. Alirekodi kwa simu yake, na nasikia siku hizi vijana wanaicheza hiyo kwenye sherehe.

Tulipata mkanda unaofaa kwa fundi wa cherehani wa Sera. Ndipo shida yenyewe ikajitokeza. Kanda ya sabuni ilianza kulia, kiiii, kisha ikanata kwenye kichwa cha mashine, ikasimama. Nilipoigusa ilikuwa kama peremende iliyolambwa. Nikaizima mbio.

Sikilizeni vizuri hapa, huenda siku moja mkaokota kanda ya babu. Sauti kwenye kanda ni unga wa kahawia ulioshikwa na gundi. Kanda nyingi za miaka ile gundi yake hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikalainika. Ukilazimisha kuicheza, ule unga unabanduka na wimbo unabaki kwenye kitambaa chako cha kufutia. Hutaupata tena. Nilitazama sanduku la Sera, nikaona kwamba tunaweza kumwua kwa kubonyeza kitufe.

Mukami alikuwa ameshaanza kusoma kwenye kompyuta. "Shosho, wanasema zinafaa kuokwa."

"Wanadhani ni mikate?"

"Joto dogo sana. La sawasawa, kutwa nzima. Unyevu unatoka, gundi inashika tena kwa muda, halafu unacheza haraka."

Nilikumbuka Bwana Harjit akiweka kanda zenye unyevu karibu na taa ya moto akizigeuzageuza. Kwa hiyo habari yenyewe haikuwa ya wazimu. Wazimu ulikuwa pa kupata joto la namna hiyo. Jiko la makaa lingezichoma. Oveni ya dada yake Mukami ilikuwa na joto la aina mbili, hakuna na jehanamu. Tulikaa tukitazamana, na Sera, aliyekuwa ameketi pembeni na sikio lake zuri limeelekezwa kwetu, akasema, "Si mwende kwa Mama Shiro?"

Mama Shiro ni wifi yake Sera. Ana kikundi cha akina mama kule Witeithie wanaokausha mananasi na maembe, wanayafunga kwenye pakiti na kuyauza. Wana mashine ya umeme kama kabati, ina trei ndani, feni, na kipimo cha joto unachokizungusha upendavyo. Joto dogo, la sawasawa, kutwa nzima. Mukami alimbusu Sera kwenye paji la uso.

"Mnataka kukausha nini?" Mama Shiro alituuliza mlangoni, mikono imejaa maganda.

"Kanda za muziki," nikasema.

"Zinaliwa?"

"Haziliwi, Mama Shiro. Zinaimba."

"Haiya!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Njeri ameleta chakula kinachoimba." Akatazama sanduku, akamtazama wifi yake. "Sera, ni zile zako? Zile za holi?" Sera hakusikia, ikabidi niitikie mimi. Mama Shiro akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Toeni mananasi yote," akawaambia wenzake. "Leo tunakausha Sera."

Tulianza na ile kanda ya sabuni. Mukami alichungulia kipimo kama mtu anayelinda maziwa yasifurike, mimi nikawa nageuza magurudumu, na akina mama walikaa nje wakimenya matunda na kutuuliza kila mara kama imeiva. Tuliiacha ipoe kabisa, maana kanda ya moto haichezwi, ikaingia kwenye mashine. Nikafunga macho. "Nguo zako zing'ae, mama, zing'ae kama mwezi!" Sauti ilitoka kavu na safi kama imerekodiwa asubuhi ile. Wale akina mama walikuwa wanalijua tangazo tangu utotoni. Waliitikia wote, visu juu, "Zing'ae kama mwezi!" na kuku wa jirani wakaruka ua.

Basi tukatia kanda za Sera. Nilikuwa na furaha na hofu kiasi kwamba nilikula nanasi kavu pakiti nzima bila kujua. Mama Shiro aliahidi kwamba mteja yeyote akinunua nanasi likamwimbia, atamtuma kwangu.

Tulirudi Ruiru na kanda zinazonukia kama bustani. Mukami akaunganisha mashine na kompyuta yake ili kila kitakachopita kihifadhiwe mara ya kwanza hiyo hiyo. Tulimketisha Sera, tukamvisha hedfoni. Mukami akaongeza nguvu upande wa kushoto, akapunguza zile sauti nyembamba ambazo hasikii, akakuza za katikati. Alifanya hivyo polepole, akimwuliza kwa vidole, zaidi, kidogo, hapo? Ufundi huo sikuwahi kuwa nao mimi. Sisi tulikuwa na kitufe kimoja cha sauti, na kilikuwa kinakwaruza.

Nikabonyeza.

Sera alikuwa amekunja mikono kama mtu anayengoja sindano. Usinikanyage Kidole ikaanza. Sikuitazama mashine, nilimtazama yeye. Kwanza alikunja uso. Kisha akaweka kiganja juu ya hedfoni upande wa kushoto, akaikandamiza. Akafungua mdomo. Ukapita ubeti mzima, mdomo uko wazi.

"Njeri!" akapiga kelele, maana mwenye hedfoni hajui kipimo. "Kumbe nilikuwa mzuri hivi na hamkuniambia!"

"Tulikuambia kila Jumapili!"

"Mlisema tu! Hamkunisikilizisha!" Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mguu mmoja ukiruka chini ya meza. Mukami naye akawa analia kwenye kibodi, nami nikawa nalia kwenye mashine ya Bwana Harjit, kitu ambacho mwenyewe angenikataza kwa sababu ya kutu.

Tulisikiliza wimbo baada ya wimbo. Mukami, ambaye ana programu ya kusafisha kelele, alitusafishia mmoja tuone. Chafya ikatoka, vikapu vikatoka, Biji akatoka. Ulikuwa umesafika kweli. Sera akausikiliza, akavua hedfoni.

"Mmempeleka wapi yule mama?"

"Ilikuwa kelele, shosho," Mukami akasema.

"Mrudishe. Nilikuwa namwimbia yeye."

Mukami alimrudisha, na akaniambia baadaye kwamba wimbo ulikuwa umekosa mahali pa kuegemea. Sote tulikubaliana chafya nayo ibaki.

Kanda ya mwisho ilikuwa Ruhusa. Sikuwa nimeusikia wimbo huo tangu siku ulipoimbwa. Ni mazungumzo ya msichana na mama yake. Msichana anaomba ruhusa aende dansini Thika. Mama anamwuliza, amefua? Amefua. Ameteka maji? Ameteka. Amefagia uwanja, amelisha ng'ombe, amesali? Yote amefanya. Sera aliimba sehemu zote mbili, ya msichana kwa sauti yake na ya mama kwa sauti ya kujilazimisha chini, kama mtoto aliyevaa koti la babake. Beti zinakwenda, sharti juu ya sharti, akina mama wa sokoni wanacheka, wanaanza kumtetea msichana, "Mwache aende!" Na msichana anaomba mara ya mwisho, anashikilia lile neno, "Mama, mama, niende?"

Taf-taf-taf-taf. Kanda ikaisha. Mkia wake ukawa unapiga mashine.

Hapo nikakumbuka. Siku ile watu walikuwa wamemrudisha rudisha Sera kila ubeti kwa vigelegele, na kanda ikatuishia angali anaimba. Nilimtazama Bwana Harjit nijue kama tumsimamishe. Akasema, "Nani anaweza simamisha hii mama?" na tukamwacha amalize hewani. Tulipanga aje aurudie, halafu duka likafungwa.

"Nusu wimbo," Mukami akasema, amevunjika moyo. "Na ndio bora kuliko yote. Naweza kuufifisha pole pole mwishoni, lakini..."

Hakumaliza. Nyuma yetu Sera alikuwa amesimama. Macho yake yamefungwa, hedfoni bado kichwani, hakujua kama kanda imekatika au ni sikio lake limemwacha. Akavuta pumzi. Mimi najua pumzi ya mtu anayetaka kuimba, hiyo hata nikiwa kaburini nitaijua. Nikaruka. Na haya magoti yangu! Nikashika maikrofoni ya Mukami na stendi yake, nikaisukuma mbele ya uso wa Sera. Mukami akapiga kitufe kwa ngumi.

Ikatoka sauti ya mama. Safari hii hakuna aliyejilazimisha chini. Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke aliyelea, aliyezika, aliyeshona sare za mtaa mzima. Aliimba pole pole:

"Umefua, mwanangu, umeteka, umesali,
Ng'ombe ameshiba, uwanja unang'aa.
Nenda basi, nenda, lakini usikimbie,
Ningoje hapo mlangoni, nami navaa viatu."

Mukami alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nilingoja, maana mkia wa sauti haukatwi, mpaka chumba kilipotulia, ndipo nikamwonyesha azime.

"Sera," nikamwambia karibu na sikio la kushoto, "ndivyo ulivyoimba siku ile?"

"Siku ile?" Akacheka. "La. Siku ile mama alikataa. Alimwambia rudi ndani ukalale. Nilikuwa sijawa mama bado, nilidhani mama kazi yao ni kukataa."

Hatukurudia. Mukami alitaka kurudia mara moja kwa usalama, akanitazama, nikatikisa kichwa. Akaunganisha nusu mbili. Hapo katikati aliacha mkia wa kanda upige mara chache, taf-taf, kama mtu anayetafuta viatu. Huo ndio wimbo wa mwisho kwenye albamu, na mkiusikiliza kwa simu, tafadhali vaeni hedfoni. Spika ya simu inamfanya Biji asikike kama kuku.

Tuliizindua Thika Jumapili alasiri, katika holi lililojaa wazee waliokuja na fimbo na vijana waliokuja na simu. Mama Shiro alileta meza ya mananasi, akaandika kwenye karatasi, Matunda Yaliyokausha Muziki, na yakaisha kabla ya hotuba. Sera alivaa bangili zote, hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Tulimweka mbele ya spika, upande wa kushoto, akawa anatingisha mabega na kuwasalimu watu ambao yeye hawasikii, akiwajibu "Mzuri sana!" hata waliomwuliza choo kiko wapi.

Ruhusa ilipochezwa, wazee walimtetea msichana kama zamani, "Mwache aende!" Ilipofika taf-taf holi lote likashika pumzi. Na yule mama alipoimba kwamba anavaa viatu, palilipuka. Mzee mmoja alirusha kofia yake juu ikakwama kwenye taa, na nasikia bado iko.

Baadaye msichana mmoja wa shule alipenya watu, akamfikia Sera. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imemkauka. Ikabidi aulize mara mbili, karibu kabisa na sikio.

"Shosho, yule wa mwisho najua ni wewe. Lakini nani anaimba pale mwanzo?"

Sera alimshika mkono, akamvuta aketi kando yake.

"Ni msichana fulani wa hapa Thika," akasema. "Alikuwa anaomba ruhusa miaka mingi sana. Juzi nimempa."